Namba Nilizoziita Pweke

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na matokeo ya mtihani wa majaribio yamekuja leo. Sijui kipi kimenilowesha zaidi.

Mwalimu Mkuu aliniita saa nne. Ana tabia ya kuzilinganisha karatasi zikae sawasawa kabla ya kusema jambo baya, na leo alizilinganisha muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "Saba A una wanafunzi arobaini na wawili. Swali la kumi na nne wamekosa wangapi?"

Nikasema sijui.

"Arobaini na wawili. Saba B wamekosa wanne tu. Mada hii uliiruka?"

Swali lenyewe ni hili: *Tafuta jumla ya namba tasa zilizo kati ya 10 na 20.* Kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa. Jibu sitini. Ni swali la bure, la kumpa mtoto alama moja apumue. Wangu wengi waliacha wazi. Mmoja aliandika, "Hatujafundishwa." Mwingine, na mwandiko wake naujua, ni yule msichana tunayemwita Wakili kwa kupenda kubishana, aliandika: "Namba zote ni tasa kwa sababu namba hazizai." Ningecheka kama kosa lisingekuwa langu.

Nilijibu kwamba nitafuatilia. Akasema tarehe 30 Aprili atatunga jaribio yeye mwenyewe. Wasipofika thelathini watakaolipata swali la namba tasa, darasa atalikabidhi kwa mwalimu wa Saba B alifikishe kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, mwishoni mwa Mei. "Sina ugomvi na wewe," akasema. "Nina watoto."

Hata mimi nina watoto. Nimekuwa nao tangu darasa la nne. Ninao hao arobaini na wawili, na sina wengine.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kabati la vyombo. Andalio la somo sikuandika.

Jumatano, 5 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike.

Miaka mitatu iliyopita mimba yangu ya pili iliharibika. Nilikuwa nimelala chumbani, mlango umerudishwa nusu, na mama mkwe alikuwa sebuleni na dada yake. Sikusikia yote. Nilisikia hili: "Mwanangu ameoa tasa." Hakulisema kwa sauti kubwa. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Jumatatu yake nikarudi kazini. Darasa la nne, mada mpya: namba tasa. Vitabu vya wanafunzi vilikuwa bado havijaletwa, nilikuwa nacho kimoja tu, cha mwalimu. Nikashika chaki nikaandika "Namba", mkono ukakataa kuendelea. Watoto arobaini na wawili walikuwa wakiniangalia mgongo. Nikaandika "pweke". Namba pweke ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Wakanakili. Maelezo yalikuwa sahihi, mifano ilikuwa sahihi, mazoezi walipata vizuri. Nilijiambia nitalirekebisha wiki ijayo. Wiki hiyo imefika miaka mitatu.

Mama mkwe sasa tunaishi naye. Ukuta wa nyumba yake ulibomoka mwezi wa kwanza, na mume wangu, ambaye ni seremala na hawezi kuona kitu kimevunjika akakiacha, akamleta hapa hadi mvua ziishe. Ananiita Bi Mwalimu. Namwita mama. Tunaishi kwa adabu kubwa, kama watu wawili waliokaa benchi moja zahanati.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu. Nimesimama mbele ya darasa nikasema, "Namba pweke zina jina lingine." Nikaliandika ubaoni, nikamwambia Wakili asome.

"Tasa," akasoma. "Mwalimu, sasa jina la kweli ni lipi?"

Nikasema, "Hilo ni jina la mtihani."

Wakaandika kwenye madaftari yao: *tasa, jina la mtihani*. Mwalimu mzima, miaka kumi na sita kazini, naongopea watoto kuhusu namba.

Jumatatu, 10 Machi

Matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Hakuna jipya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewapa jaribio fupi. Kumi na tisa wamepata, ishirini na watatu wamekosa. Wengi wa waliokosa wameziacha 2 na 3. Nikauliza kwa nini. Wakili akasimama, maana huyu haongei akiwa amekaa.

"Mwalimu, nimefikiri upya. Tasa ni asiyezaa. Mbili imezaa nne, imezaa sita, imezaa nane. Tatu imezaa tisa. Hizi zinazoitwa tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Sasa tasa ni ipi?"

"Kaa chini," nikamwambia.

Sijawahi kumkalisha mtu kwa swali zuri.

Mtoto yuko sahihi, na hakuna anachonifundisha hapo. Nilikijua tangu chuoni. Chukua sitini: ni mbili mara mbili mara tatu mara tano, na haiwezi kupatikana kwa namba tasa nyingine hata ukeshe. Kila namba inayogawanyika ina wazazi wake, na wazazi ni hizo hizo tasa. Ni jambo zuri sana. Lakini sitaki kufarijiwa na namba. Miaka mitatu hii ningeweza kujifariji hivyo na nilikataa, kwa sababu niliyempoteza hakuwa namba.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu kapanda juu ya paa kuziba tundu, kashuka, sasa yako mawili. Mama mkwe akasogeza ndoo ya pili bila neno. Nikamwona anatabasamu, nami nikatabasamu, kisha tukakumbuka kwamba sisi hatutabasamu pamoja.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata wazo, na nimecheka peke yangu barabarani mpaka mtu akanipisha.

Darasa halitalizoea neno kwa kulinakili. Litalizoea kwa kulitumia. Nitawapa namba moja kubwa, 1,000,003, nao wapate wenyewe kama ni tasa au si tasa. Jibu nalijua, nililisoma zamani, ila sitawaambia.

Utamu wake ni huu. Huna haja ya kuijaribu kwa kila namba hadi milioni. Kama inagawanyika kwa kitu kikubwa kuliko elfu moja, basi mwenzake lazima awe mdogo kuliko elfu moja, na huyo mdogo ungeshamkamata. Kwa hiyo unaishia elfu. Tena unajaribu kwa namba tasa peke yake, kwa sababu nyingine zote zimetokana na hizo. Namba tasa zilizo chini ya elfu ni mia moja sitini na nane. Gawa kwa watoto arobaini na wawili. Nne kwa kila mmoja, bila baki. Hapo ndipo nilipocheka.

Mwalimu wa Saba B, ambaye watoto wanamwita Kinanda kwa sababu hanyamazi, aliposikia akasema, "Milioni? Wako wanashindwa kumi hadi ishirini. Hiyo ikifika mwisho nakula chaki."

"Utakula nyeupe au ya rangi?" nikamuuliza.

Alhamisi, 20 Machi

Tumeunganisha karatasi nne za manila na kuandika namba kuanzia mbili hadi elfu. Leo tumefuta. Mbili ibaki, futa wote walio wake. Tatu ibaki, futa wote walio wake. Tano. Saba. Hivyo hivyo hadi thelathini na moja. Kisha tukaanza kuzisoma zilizobaki, na wenyewe, bila mimi kuwatuma, wakaanza kupiga kelele kwa kila moja: "Tasa!"

Darasa zima. Mara mia moja sitini na nane.

Kufika ya thelathini nikaenda mlangoni, nikajifanya naangalia mvua. Neno lile lilinifikia mgongoni kila mara. Baada ya 887 wakakaa kimya kwa namba kumi na tisa mfululizo, zote zimefutwa, wakawa wanangoja kwa hamu kama watu waliopoteza kitu. Ilipotokea 907 waliruka juu ya madawati. Mimi nililia kidogo. Walidhani ni mvua imenipiga usoni.

Jumatatu, 24 Machi

Wameanza kugawa. Kurasa na kurasa. Kinanda anachungulia dirishani.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimefanya jambo baya.

Dawati la mbele wanakaa watatu: Wakili, katikati msichana mpole tunayemwita Kimya, na pembeni Mrefu. Wakili alipewa 2, 3, 5 na 7. Kimya 11, 13, 17 na 19. Mrefu 23, 29, 31 na 37. Nikakusanya madaftari. Saba, baki nne. Kumi na moja, baki nne. Kumi na tatu, baki nne. Thelathini na saba, baki nne. Watu watatu, dawati moja, baki nne kwa kila mmoja.

Nikawasimamisha mbele ya wenzao. Nikasema sikutegemea wanafunzi wangu waibiane majibu. Nikachora mstari mwekundu kwenye kurasa zao. Mrefu akainamisha kichwa. Wakili akafungua mdomo nikamwambia afunge. Kimya, machozi yalimdondokea kwenye daftari, na wino mwekundu ukatawanyika juu ya baki nne.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi, nikisubiri maji ya chai yachemke, nimezigawa mwenyewe nyuma ya bahasha.

Nne. Nne. Nne. Nne.

Hawakuibiana. Namba 999,999 inagawanyika kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu na kwa thelathini na saba, zote hizo. Ongeza nne upate 1,000,003. Lazima baki iwe nne. Ndivyo namba ilivyo.

Nilikuwa nimeshikilia bahasha, maji yanamwagikia jiko. Mama mkwe akaja akazima. "Bi Mwalimu, kuna habari mbaya?"

"Nimewahukumu watoto kwa kitu nilichokisikia nusu," nikasema.

Akaiweka sufuria pembeni. Akarudi chumbani kwake. Leo shule imefungwa kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo nimekaa na aibu yangu siku nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Niliingia, nikawaita wale watatu, nikasema mbele ya wote, "Nimewakosea. Majibu yenu ni sahihi. Nisameheni."

Mrefu akasema hamna shida. Kimya akaitikia kwa kichwa. Wakili akabaki amesimama.

"Mwalimu, na lile la pweke? Nalo ulikosea, au ulifanya makusudi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nadhani wote walisikia. Ningeweza kumwambia akae. Ila nilikuwa nimetoka kuomba msamaha dakika moja iliyopita, na mdomo ulikuwa bado uko wazi.

Nikasema, "Nilifanya makusudi. Jina la mtihani, jina la vitabu, jina la kweli, ni tasa. Watu hulitumia neno hilo hilo kwa mwanamke asiyepata mtoto. Kuna siku niliitwa hivyo, nikaumia. Niliporudi kazini nikashindwa kuliandika hapa, nikawapa neno langu. Mlikosa swali kwa sababu yangu. Nyinyi hamkukosea chochote."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Mrefu akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo kwenye mtihani wataandika tasa?"

"Ndiyo."

"Basi tufute pweke?"

"Futeni."

Wakafuta. Vifutio arobaini na viwili vikisugua kwa pamoja vina mlio wake, na nimegundua sikuwahi kuusikia.

Jumanne, 8 Aprili

Daftari la mwisho limeletwa leo na mvulana wa kule bondeni aliyekuwa amezuiwa na maji wiki nzima. Alikuwa na 977, 983, 991 na 997. Tulikuwa tumekwama kwa kumsubiri. Watoto walitaka kutangaza, Wakili akagoma: "Arobaini na mmoja si ushahidi. Yeye akipata moja inayogawanyika, sisi wote tumefanya kazi bure."

Akasoma. Baki, baki, baki. Mia tisa tisini na saba, baki kumi na mbili.

"Tasa!" wakapiga kelele.

Nilipiga nao. Neno lilitoka kirahisi kuliko nilivyodhani, likanikwaruza kidogo tu. Kinanda akaletwa na watoto wakimvuta mikono, akapewa chaki ya kijani. Ameimega kipande akakiweka mfukoni. Anasema atakula na chai.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtaa una masikio. Mwalimu Mkuu kaniita tena, kaanza kulinganisha karatasi.

"Kuna mzazi alikuja. Anasema umewaeleza watoto mambo ya chumbani."

Akainyoosha karatasi ya juu.

"Nikamwambia umewafundisha hisabati," akasema, "na kama ana malalamiko kuhusu hisabati ayaandike. Hakuandika." Akaziacha karatasi zikae upande. "Ungeniambia siku ile, Mwalimu. Ningekuelewa."

Kwa miaka yote nimemwona kuwa mtu wa rula. Labda ni mimi niliyekuwa nikimpa karatasi tu, na sijawahi kumpa kitu kingine.

Jumatano, 16 Aprili

Mama mkwe naye amesikia, huko bombani. Tangu jana hajanitazama usoni. Leo nimekuta amenifulia nguo ya kazi, ameipiga pasi, ameiacha kitandani. Sikumwambia asante. Sikujua nianzie wapi.

Jumatano, 30 Aprili

Jaribio limefanyika. Naumauma kalamu kama mtahiniwa.

Alhamisi, 1 Mei

Arobaini na mmoja! Saba A ni yangu hadi mwisho. Mwalimu Mkuu amenipa mkono kwenye maandamano ya Mei Mosi, Kinanda ameniimbia.

Aliyekosa ni Kimya. Hakukosea. Aliacha wazi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekaa na Kimya baada ya vipindi. Kwa namba hana tatizo, kanitajia zote hadi mia moja bila kusita. Nikamuuliza kwa nini hakujibu.

"Mama alisema lile ni tusi. Alisema ulitukanwa. Nikaapa sitaliandika."

"Hukutakiwa kuliandika. Ungeandika sitini tu."

"Nikijibu," akasema polepole, "nitakuwa nimekubali kwamba linafaa."

Nilimwambia ni neno la vitabu. Nilimwambia nimeshapona. Hakuniamini, na kwa hilo la pili ana haki. Mtihani wa mwisho uko wiki tatu mbele, na atalikwepa tena, kwa ajili yangu. Ukweli wangu umewapa alama watoto arobaini na mmoja na umemnyima mmoja. Watu watasema ni mmoja tu. Mimi ni mtu ambaye mmoja tu angenitosha.

Jioni nikamsimulia mume wangu tukiwa mezani. Akakuna kichwa, akasema mtoto huyo ana msimamo kuliko milango anayoiunda yeye. Mama mkwe alikuwa pale pale, akila kwa utulivu. Hakuuliza kitu isipokuwa, "Anakaa dawati la ngapi?"

Jumatatu, 5 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kipindi cha mwisho kilipoisha nikamwona mama mkwe getini. Kutoka nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa mwenye magoti mazima. Yake si mazima. Alikuwa ameshika viatu mkononi, miguu ina matope hadi kwenye ugoko, amevaa nguo yake nzuri. Hajawahi kufika shuleni kwetu.

"Nionyeshe yule mtoto," akasema.

Kimya alikuwa bado anafagia. Akaacha ufagio. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama mkwe akaketi kwenye dawati la mbele, dawati la watoto, magoti yamekwama. "Wewe ndiye hutaki kuandika neno?"

Kimya akanitazama. Nikainua mabega, maana nami sikujua.

"Mimi ndiye niliyemwita mwalimu wako hivyo," mama mkwe akasema. "Si mtu mwingine. Alikuwa amelala mgonjwa, na mimi nilikuwa na uchungu wa mjukuu, nikautupa uchungu wangu juu yake. Neno halina kosa, mama. Lilikuwa kwenye vitabu kabla sijazaliwa. Kosa ni la mdomo wangu. Sasa wewe ukikosa alama, nitakuwa nimewaumiza wawili. Andika. Usinibebeshe mzigo wa pili."

Nilikuwa nimesimama karibu na ubao, mkono kwenye chaki. Miaka mitatu nilidhani hajui kwamba nilisikia.

Kimya alifikiri. Huyu mtoto hufikiri hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ile yake ndogo, "Bibi, umeshamwomba msamaha?"

Mama mkwe akatazama miguu yake yenye matope.

"Bado," akasema.

Akajaribu kusimama, dawati likamkatalia, kwa hiyo akageuka pale pale alipokaa. "Nisamehe," akaniambia. Hakusema Bi Mwalimu. Alitaja jina langu.

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga miaka mitatu, mengine makali sana, mengine ya heshima. Niliyaacha yote.

"Iliniuma sana, mama," nikasema.

"Najua," akasema. "Ilinishinda kukujia kwa sababu najua."

Tukalia, yeye dawatini, mimi ubaoni, bila kusogeleana. Kimya akatusubiri tumalize. Tulipotulia akatoa daftari, akanoa penseli, akaandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, TASA, akapiga mstari chini yake kwa rula, akaniomba nimpe swali.